Chupa, Petroli na Kitambaa: Namna Moto wa Mkononi Ulivyofanywa Kosa la Jinai

Mwanzoni mwa mwaka 1883, katika mtaa wa Ledsam mjini Birmingham, Uingereza, lilikuwapo duka la rangi na karatasi za kupambia kuta. Mwenye duka alijiita Alfred Whitehead. Wateja wake walikuwa wa kuhesabu, na rangi haikuwa ikitoka sana, lakini gliserini ilikuwa ikiingia dukani kwa wingi uliowashangaza hata waliomuuzia. Gliserini ni bidhaa ya kawaida. Imo kwenye sabuni, imo kwenye mafuta ya kujipaka, na hakuna mtu aliyewahi kukamatwa kwa kuibeba barabarani. Lakini ndiyo pia malighafi ya nitrogliserini, na nitrogliserini ndiyo roho ya dainamaiti. Habari zikafika polisi, polisi wakaanza kulivizia duka, na katika wiki ya kwanza ya Aprili wakalivamia. Nyuma ya makopo ya rangi walikuta kiwanda kidogo cha vilipuzi.

Siku hizohizo wenzake Whitehead wakakamatwa London. Kiongozi wao alikuwa daktari aliyetoka Marekani, Thomas Gallagher. Miongoni mwao alikuwamo pia kijana aliyetoa jina la uongo la Henry Wilson. Jina lake halisi lilikuwa Thomas Clarke. Clarke alikaa gerezani miaka 15, akatoka, na mwaka 1916 jina lake likawa la kwanza chini ya tangazo la uhuru wa Ireland lililosomwa Dublin. Waingereza walimpiga risasi Mei 3 mwaka huohuo.

Hofu iliyokuwapo Uingereza wakati huo haikuwa ya kuzushwa. Waailandi waliotaka nchi yao ijitawale, wakichangiwa fedha na ndugu zao waliohamia Marekani, walikuwa wameamua kuipeleka vita ndani ya miji ya Waingereza. Januari 1881 bomu lililipuka kwenye kambi ya jeshi ya Salford, na aliyekufa hakuwa askari bali mtoto wa miaka 7. Machi 15, 1883, mlipuko ulitikisa ofisi za serikali za Whitehall, katikati ya London. Kwa hiyo gliserini ya Birmingham ilipogunduliwa wiki chache baadaye, hakuna aliyeiona kama jambo la kungoja.

Jumatatu ya Aprili 9, 1883, Waziri wa Mambo ya Ndani, Sir William Harcourt, alisimama katika Bunge la Makabwela na muswada wake. Siku hiyohiyo muswada ulipita hatua zote hapo, ukavuka kwenda Bunge la Malodi, nako ukapita. Kesho yake ukapata ridhaa ya Malkia Victoria na kuwa sheria. Nchi inayojivunia bunge linalojadili hadi usiku wa manane ilitunga kwa siku moja sheria ambayo ingeishi zaidi ya karne.

Kabla ya siku hiyo ilikuwapo Sheria ya Vilipuzi ya mwaka 1875, lakini hiyo ilikuwa sheria ya biashara: nani apewe leseni, vilipuzi vihifadhiwe wapi, visafirishwe vipi. Ilimfikiria mfanyabiashara mzembe, si mtu anayejifungia chumbani akitengeneza kifo. Sheria ya 1883 ilimlenga huyo wa chumbani. Kusababisha mlipuko wa kuhatarisha maisha au mali, hata kama hakuna aliyeumia, kulimpeleka mtu kifungo cha maisha. Kula njama au kukusudia kufanya hivyo, miaka 20. Kisha kikaja kifungu cha 4, ambacho ndicho ninachotaka msomaji akiangalie kwa makini: mtu yeyote atakayetengeneza kilipuzi au kuwa nacho, katika mazingira yanayotia shaka kwamba hana nacho kwa lengo halali, ana hatia na, kwa wakati huo, angeweza kufungwa miaka 14, isipokuwa aonyeshe mwenyewe kwamba lengo lake lilikuwa halali.

Hapo mambo mawili makubwa yalifanyika kwa mkupuo. La kwanza, kosa lilisogezwa nyuma. Halikungoja tena moto uwake wala mtu aumie. Kuwa na kitu kwenyewe kukawa kosa. La pili, mzigo wa kueleza ukahamia begani kwa mshitakiwa. Kwa kawaida ya mahakama za Kiingereza, serikali ndiyo inayopaswa kuthibitisha ubaya wa mtu. Kifungu hiki kilimtaka mtu athibitishe wema wake. Naelewa kwa nini: baada ya mtoto wa Salford, hakuna waziri ambaye angesimama na kusema tungoje mlipuko mwingine. Lakini mlango uliofunguliwa siku ile ulikuwa mpana, na wengi wamepitishwa humo.

Gallagher na wenzake wenyewe hawakuhukumiwa kwa sheria hiyo. Walishitakiwa kwa sheria ya uhaini ya mwaka 1848, wakapewa kifungo cha maisha. Sheria mpya ilikuwa ya watu ambao bado hawajazaliwa.

Makoloni nayo yakafuata njia hiyo. Aprili 1908, mjini Muzaffarpur huko India, bomu lililokusudiwa hakimu wa Kiingereza liliangukia gari la farasi lisilo lake na kuwaua wanawake wawili. Kufikia Juni serikali ya kikoloni ilikuwa imeshapitisha Sheria ya Vilipuzi ya India, yenye sura na mwendo wa ile ya 1883. Kenya wakati wa hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, mantiki hiyo ilifikishwa mwisho wake: kuwa na bunduki, risasi au kilipuzi bila kibali kukawa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alipokamatwa Nyeri Oktoba 21, 1956, hakushitakiwa kwa kumuua mtu yeyote. Alishitakiwa kwa kukutwa na bastola na risasi zake. Kwa kosa hilo la kuwa na kitu, alinyongwa Februari 18, 1957. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa Kenya katika miaka ile. Anayetaka kujua sheria ya umiliki wa silaha inaweza kufika wapi ikikosa breki, asisafiri mbali.

Lakini bastola na dainamaiti zina jambo moja linalorahisisha kazi ya polisi: ukiziona unajua ni nini. Karne ya 20 ilileta silaha isiyo na sura.

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, mwaka 1936, wapiganaji wasio na mizinga ya kutosha walianza kuvirushia vifaru chupa za petroli zinazowaka. Miaka mitatu baadaye, Novemba 30, 1939, jeshi la Umoja wa Kisovyeti liliivamia Finland. Ndege zake zilipokuwa zikidondosha mabomu, Waziri wa Mambo ya Nje Vyacheslav Molotov alidai kwamba zinawapelekea Wafini chakula. Wafini wakayaita mabomu hayo kapu la mkate la Molotov, na chupa walizowarushia wenye vifaru wakaziita kinywaji cha kuteremshia mkate huo. Jina la Molotov likaganda kwenye chupa hadi leo. Serikali yenyewe ndiyo iliyosimamia kazi: kiwanda cha shirika la pombe la taifa huko Rajamäki kilijaza chupa zaidi ya 540,000. Wafanyakazi wake wengi walikuwa wanawake, na chupa zilizokuwa za pombe zikaenda mstari wa mbele.

Uingereza nayo ikajifunza. Majira ya joto ya 1940, Ufaransa ilipoanguka na Wajerumani kusubiriwa wavuke bahari wakati wowote, Tom Wintringham, aliyepigana Hispania, aliwafundisha raia katika jarida la Picture Post namna ya kukabili vifaru kwa chupa. Mgambo wa nyumbani, wengi wao wazee na vijana wasiotimiza umri wa jeshi, wakafundishwa vivyo hivyo, na baadaye wakapewa chupa za kiwandani zenye fosforasi. Nyingi zilizikwa ardhini kwa ajili ya siku ambayo haikufika. Mafundi wa ujenzi wanaochimba misingi bado huzifukua, na kikosi cha mabomu huitwa.

Nchi ileile, basi, yenye sheria ya kumfunga miaka 14 mtu anayekutwa na kilipuzi chumbani, iliwaambia raia wake wakae tayari na chupa. Sioni unafiki hapo. Vita ni vita. Ila serikali ilipokwisha kumwambia raia kwamba chupa ya moto ni silaha ya mnyonge anayelinda mtaa wake, haikuwa na njia ya kuyafuta maneno hayo vichwani mwa watu. Miaka 29 baadaye yalirudi.

Yalirudi katika mji wa Derry, Ireland ya Kaskazini, Agosti 1969. Wakatoliki wa mji huo walikuwa wengi kwa idadi lakini wachache kwa mamlaka: mipaka ya kata ilichorwa ili halmashauri ibaki mikononi mwa Waprotestanti, na nyumba za halmashauri zilikwenda na kura. Walipoandamana kudai haki, walipigwa virungu. Kila Agosti, chama cha Kiprotestanti cha Apprentice Boys huandamana kuadhimisha kuokolewa kwa mji katika mzingiro wa mwaka 1689, na Agosti 12, 1969, njia ya maandamano ilipita pembeni mwa Bogside, mtaa wa Wakatoliki. Mawe yakaanza kuruka. Polisi wa RUC, yaani polisi wa Ireland ya Kaskazini, walipojaribu kuingia Bogside, wakifuatwa na kundi la wafuasi wa upande wa pili, mtaa mzima ulitoka nje.

Katikati ya Bogside kulikuwa na maghorofa ya Rossville, marefu kuliko kila kitu kilichoyazunguka. Vijana walipanda juu ya paa. Chini, mtaani, watoto na wanawake walijaza chupa za maziwa, zile ambazo muuza maziwa huziacha mlangoni asubuhi na kuzichukua zikiwa tupu, na chupa hizo zikapandishwa ngazi kreti baada ya kreti. Polisi waliokuja na ngao ndogo na makoti mazito walinyeshewa moto kutoka juu, na baadhi yao wakawaka nguo mwilini. Usiku wa Agosti 12 kuamkia 13, kwa mara ya kwanza katika historia ya Uingereza na Ireland ya Kaskazini, polisi walifyatua gesi ya CS dhidi ya raia. Walifyatua makombora zaidi ya 1,000 katika siku mbili, na gesi ikaingia vyumbani walimolala wazee na watoto wachanga. Mpiga picha Clive Limpkin alimpiga picha mvulana mdogo aliyevaa kinyago cha kuzuia gesi, mkononi kashika chupa. Picha hiyo ikazunguka dunia, na tangu 1994 mchoro wake mkubwa umo kwenye ukuta wa nyumba hapohapo Bogside.

Agosti 14, saa kumi na moja jioni, jeshi la Uingereza likaingia Derry na polisi wakaondoka. Bogside ilishangilia. Wengi wa wanaoisimulia habari hii kwa fahari huishia hapo.

Mimi siishii hapo, kwa sababu moto haukuishia hapo. Usiku huohuo na siku iliyofuata, Belfast iliwaka. Mtaa wa Bombay, wenye nyumba ndogo za matofali za Wakatoliki maskini, uliteketezwa karibu wote na makundi ya Waprotestanti waliokuja na silaha ileile: chupa, petroli na kitambaa. Tume ya Jaji Scarman ilikuja kubaini kwamba katika miezi ile familia zaidi ya 1,800 zilikimbia nyumba zao mjini Belfast, na 1,505 kati yake zilikuwa za Wakatoliki. Chupa iliyowalinda wanyonge wa Derry Jumanne iliwafukuza wanyonge wa Belfast Ijumaa. Haikuwa na itikadi wala haikuuliza dini ya mtu.

Kabla mwaka haujaisha, bunge la Ireland ya Kaskazini likatunga Sheria ya Ulinzi wa Watu na Mali ya 1969. Hii haikuzungumzia vilipuzi kwa jumla. Ilitaja bomu la petroli kwa jina. Kifungu kimoja kilihusu kulitengeneza au kuwa nalo katika mazingira ya kutia shaka, kingine kilihusu kulirusha au kulitumia. Yeyote anayesoma kifungu cha umiliki atatambua mara moja mkono wa Harcourt: shaka ya haki, lengo halali, na mshitakiwa kutakiwa aeleze. Maneno ya Aprili 1883 yalivaa nguo mpya.

Na palihitajika maneno ya namna hiyo, kwa kuwa tatizo la chupa ni gumu kweli. Petroli ni halali, na kila mwenye pikipiki anayo. Chupa ni halali, kitambaa ni halali. Hakuna siku ambayo polisi wataweza kupiga marufuku kimoja kati ya vitatu hivyo. Kinachogeuza vitu hivi kuwa silaha ni namna vilivyounganishwa na nia ya aliyeviunganisha, na nia haionekani kwa macho. Sheria inayotaka kuzuia moto kabla haujawashwa haina budi kuisoma nia hiyo kwa ishara za nje: chupa ziko ngapi, ziko wapi, ni saa ngapi, kuna nini mtaani. Kosa linakaa kwenye mazingira. Ni hatari kuyaacha mazingira yahukumu watu, na pia ni hatari kutoyaangalia.

Mtu aliyeipeleka hoja ya Bogside mahakamani alikuwa Bernadette Devlin. Aprili 1969 alichaguliwa mbunge wa bunge la London akiwa na miaka 21, na Agosti alikuwa kwenye vizuizi vya Bogside akivunja mawe ya barabarani, akipaza sauti kuwahimiza watu wazuie polisi, pamoja na kuwarushia mabomu ya petroli. Desemba alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kuchochea ghasia. Alikata rufaa kwa hoja nzito: kwamba alikuwa akijilinda na kuwalinda wakazi, ambao aliamini kwa dhati kwamba polisi wakiingia watawapiga na kuharibu nyumba zao. Jaji Mkuu, Lord MacDermott, aliikataa hoja hiyo. Hofu ya mtu, hata ikiwa ya kweli, lazima iwe ya haki na hatari iwe imekaribia. Na nguvu anayotumia isizidi kipimo. Kuhimiza mabomu ya petroli dhidi ya polisi kulizidi kipimo. Juni 1970 Devlin, mbunge aliyekuwa ametoka kuchaguliwa tena, alipelekwa gereza la Armagh.

Nimeisoma hukumu hiyo kwa mashaka. Kwa upande mmoja, MacDermott alikuwa sahihi kwamba mahakama haiwezi kubariki moto. Kwa upande mwingine, watu wa Bogside hawakuota ndoto juu ya polisi wale: Januari 1969 RUC walikuwa wameingia mtaa huo usiku, wakavunja madirisha na kupiga watu. Sheria iliipima hatari ya siku moja, wakati watu walikuwa wakiipima hatari ya mwaka mzima.

Kisha serikali ikapandisha dau. Aprili 1970, baada ya ghasia za mtaa wa Ballymurphy mjini Belfast, kamanda wa jeshi Ireland ya Kaskazini, Jenerali Ian Freeland, alitangaza kwamba anayerusha bomu la petroli anaweza kupigwa risasi na kuuawa akionywa asisikie. Mwisho wa Julai kijana wa miaka 19 aliuawa na wanajeshi Belfast, jeshi likisema alikuwa mrusha mabomu ya petroli, majirani zake wakikana. Mahakama ingehitaji ushahidi wa mazingira, nia na lengo. Risasi haikuhitaji.

Miaka kumi na moja baadaye swali lilelile lilifika mahakama za England kupitia mtu wa namna nyingine kabisa. Julai 1981, mtaa wa Toxteth mjini Liverpool ulilipuka kwa ghasia kubwa. Mwenye duka mmoja, ambaye duka lake lilikuwa limeshavamiwa na kuharibiwa, aliogopa kwamba wavamizi watarudi. Akatengeneza mabomu kumi ya petroli ya kutumia kama njia ya mwisho ya kuwafukuza. Hawakurudi, na chupa hazikuwashwa. Alishitakiwa kwa kifungu cha 4 cha sheria ya 1883, kwa kuwa England haikuwa na sheria yake ya mabomu ya petroli, na Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeshaamua katika kesi nyingine kwamba bomu la petroli ni kilipuzi kwa maana ya sheria hiyo. Baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru.

Mwanasheria Mkuu hakuridhika, akaomba Mahakama ya Rufaa itoe ufafanuzi. Mwaka 1984 mahakama, chini ya Lord Lane, ilijibu kwamba mtu anaweza kuwa na kilipuzi kwa lengo halali ikiwa lengo hilo ni kujilinda yeye, familia yake au mali yake dhidi ya shambulio lililokaribia, na ikiwa njia aliyokusudia kutumia haizidi ya lazima. Hatari ikipita, uhalali nao unakwisha.

Waweke hawa wawili pamoja. Devlin alihimiza moto mbele ya polisi, kwa jina la mtaa mzima. Mwenye duka alificha moto dhidi ya wahuni, kwa jina la bidhaa zake. Mmoja alifungwa, mwingine akaenda nyumbani. Ziko sababu za kisheria za tofauti hiyo, na sizidharau: huyu hakurusha, yule alihimiza wengine warushe. Lakini msomaji yeyote wa Afrika Mashariki anayejua nani husikilizwa kirahisi anapokwenda kituo cha polisi ataelewa kwa nini Bogside hawakuona kipimo kimoja hapo.

Nchi nyingine iliyotunga sheria ya moja kwa moja dhidi ya chupa za moto ni Korea Kusini. Miaka ya 1980 wanafunzi wake walipambana na utawala wa kijeshi kwa mawe na chupa za moto, na mapambano hayo yalichangia kuulazimisha utawala ukubali uchaguzi wa rais wa moja kwa moja mwaka 1987. Kwa Wakorea wengi chupa ilikuwa sehemu ya simulizi ya ushindi. Kisha ikaja Mei 3, 1989, katika Chuo Kikuu cha Dongui mjini Busan. Wanafunzi walikuwa wamewashika polisi kadhaa mateka ndani ya maktaba. Polisi walivamia alfajiri, moto ukawashwa kwenye ghorofa ya juu, ukasambaa kwa kasi isiyozuilika. Polisi 7 walikufa, wengine wakiungua, wengine wakianguka walipokuwa wakijaribu kuponea madirishani.

Juni 1989 Korea Kusini ilikuwa na sheria maalumu ya mabomu ya petroli: hadi miaka 5 jela kwa kuyatumia, hadi miaka 3 kwa kuyatengeneza, kuyahifadhi, kuyabeba au kuwa nayo. Mwaka 2002 tume ya serikali iliwatambua wanafunzi 46 wa kisa kile kuwa watu waliochangia demokrasia ya nchi. Familia za polisi waliokufa zilikwenda Mahakama ya Katiba kupinga, zikashindwa. Hebu fikiria kuwa mama wa mmoja wa wale saba, ukasoma tangazo hilo gazetini.

Marekani iliingiza vifaa vya moto kwenye sheria zake za silaha mwaka 1968, mwaka wa kuuawa kwa Martin Luther King na Robert Kennedy na wa miji kuwaka. Mabomu na maguruneti ya moto yakawekwa kundi moja na bunduki za rashasha: ni lazima yasajiliwe, na asiye na usajili yumo hatarini kufungwa. Lakini orodha hiyo iliacha pengo la ajabu. Mashine ya kurusha miali ya moto, ile ambayo wanajeshi wa vita kuu zote mbili waliiogopa kuliko risasi, haimo. Mwaka 2018 kampuni ya Elon Musk iliuza mashine 20,000 za kutoa moto, kila moja kwa dola 500, zikaisha kwa siku chache. Mbunge mmoja wa California alipojaribu kuzibana, muswada wake ulikwama kwenye kamati. California inadai kibali kwa mashine zinazorusha moto mbali zaidi, Maryland imezipiga marufuku. Kwingi mtu hununua tu. Kijana maskini anayeshika chupa ni mhalifu wa shirikisho, mwenye dola 500 ni mteja. Sheria iliyoandikwa kwa kutazama sura ya kifaa badala ya kazi yake huishia hapo.

Februari 25, 2022, siku ya pili ya uvamizi wa Urusi, Wizara ya Ulinzi ya Ukraine iliwaomba raia wa Kyiv watengeneze mabomu ya petroli. Kiwanda kimoja cha bia mjini Lviv kiliacha bia na kuanza kujaza chupa. Rajamäki ilizaliwa upya, na vita ikiisha Ukraine nayo itakabiliwa na kazi waliyoikabili Waingereza: kuwaambia watu kwamba walichofundishwa na serikali sasa ni kosa la jinai.

Msimamo wangu ni huu. Kumiliki bomu la petroli kunapaswa kuwa kosa, na anayelirusha afungwe miaka mingi, awe na hoja nzuri kiasi gani ya kisiasa. Asiyeshawishika na Busan au mtaa wa Bombay akumbuke shule ya Kyanguli, wilayani Machakos nchini Kenya, Machi 2001, petroli ilipoingizwa bwenini usiku na wavulana 67 wakafa wakigonga mlango uliofungwa. Lakini sheria hiyo iandikwe kwa jina la kitu chenyewe, kama walivyofanya Korea, isiwe wavu wa kuvulia kila mwenye dumu la petroli. Serikali ndiyo ithibitishe nia. Mshitakiwa asiambiwe athibitishe wema wake. Na adhabu itoke kwa hakimu, isitoke kwenye mtutu.

Sheria ya 1883 iliyopitishwa kwa siku moja ingali inatumika Uingereza, na kifungu chake cha 4 bado kinamtaka mshitakiwa aeleze lengo lake. Sheria ya 1969 nayo ingali hai Ireland ya Kaskazini. Ghasia zinapozuka Derry au Belfast hadi leo, vijana ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa wakati wa Bogside hufikishwa mahakamani kwa kosa la kukutwa na bomu la petroli katika mazingira ya kutia shaka.